Bibi Ruth Harrison, Mtetezi wa Mifugo

Watu wanaoandikwa katika kurasa kama hizi mara nyingi ni majemadari na wapigania uhuru. Mimi nimemchagua bibi mmoja wa Kiingereza ambaye hakuwa mkulima wala mganga wa wanyama, lakini kwa ajili yake nguruwe wa nchi nyingi leo wana haki ya kugeuka bandani. Wenzangu wasiokula nyama hiyo wanisamehe. Habari hii ni ya sheria, si ya chakula.

Ruth Harrison alizaliwa London mwaka wa 1920. Baba yake alikuwa mwandishi na mama yake mchoraji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na kikosi cha kuwahudumia majeruhi cha Waquaker, Wakristo ambao hawakubali kupigana vita. Baadaye alisomea uigizaji, akaolewa na msanifu wa majengo.

Siku moja aliletewa mlangoni kikaratasi kilichoeleza jinsi ndama wanavyofungiwa ili nyama yao iwe nyeupe. Wengi wetu tungekitupa. Yeye alianza kuchunguza ufugaji huo mpya, hata mwaka wa 1964 akatoa kitabu kiitwacho Animal Machines, yaani wanyama waliofanywa mitambo. Dibaji iliandikwa na Bibi Rachel Carson wa Marekani, yule aliyeuonya ulimwengu juu ya sumu za kuulia wadudu. Wananchi waliposoma habari za kuku waliosongamana katika vizimba vya waya, na za ndama na nguruwe waliofungiwa gizani, walighadhibika.

Mwaka uo huo serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Profesa Rogers Brambell. Taarifa yake ya mwaka wa 1965 ilitaka mnyama apewe walau nafasi ya kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Ni haba, sivyo? Lakini hata hayo machache hayakuwa sheria upesi. Sheria ya mwaka wa 1968 ilikataza kumtesa mnyama wa shambani pasipo lazima, ila vipimo vya nafasi viliachwa katika mwongozo tu, na kuukiuka mwongozo peke yake hakukuwa kosa. Bibi Harrison hakuridhika, akaendelea kubishana na wakubwa miaka na miaka.

Nguruwe jike ndiye aliyengoja sana. Yeye hubeba mimba siku 114 hivi, na katika mashamba makubwa aliwekwa muda huo katika kizimba cha chuma chenye upana wa mwili wake tu, akiweza kusimama na kulala lakini si kugeuka. Uingereza ilitunga kanuni ya kuvikataza vizimba hivyo mwaka wa 1991, na mwanzoni mwa 1999 vikakoma, miaka 35 baada ya kile kitabu. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka wa 2013, ingawa uliacha ruhusa ya kumfungia wiki nne za kwanza.

Kwetu, Bunge lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008. Mjomba wangu, afugaye nguruwe sita karibu na Kongwa, aliniuliza kama kuwatendea wema ni kuwaachia wazurure. Nikamwambia, hapana, mjomba. Homa ya nguruwe haina dawa, na nguruwe anayezurura aweza kuileta nyumbani. Banda ni lazima. Lakini liwe pana kiasi cha kugeukia, tena lenye kivuli na maji, maana nguruwe hatoki jasho kama sisi, na jua la Dodoma tunalijua. Mpaka sasa tunabishana juu ya bei ya mbao.

Mwaka wa 1986 Bibi Harrison alitunukiwa nishani ya OBE. Alifariki mwezi wa Juni 2000, mwaka mmoja na nusu baada ya vile vizimba vya chuma kukomeshwa nchini mwake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne