ABU BAKR AL-KARAJI: MWANACHUONI ALIYEYATAFUTA MAJI YALIYOFICHIKA

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya maimamu wa fiqhi na hadithi. Safari hii tunamsoma mtu wa hesabu, Abu Bakr Muhammad bin al-Hasan al-Karaji, Allah amrehemu. Sisi wa Shinyanga na Geita, ambao ndoo ya maji hutuamsha kabla ya alfajiri, tuna haki ya kumjua.

Asili yake ni Karaj, katika nchi ya milima ya Uajemi iliyoitwa al-Jibal. Aliishi mwishoni mwa karne ya 4 Hijria na mwanzoni mwa karne ya 5. Alifanya kazi Baghdad, wakati Khalifa wa Bani Abbas alikuwa amebakiwa na cheo tu na nguvu zimeshikwa na ukoo wa Buwayh. Huko alimtungia waziri Fakhr al-Mulk kitabu cha aljebra kilichopewa jina la al-Fakhri. Nyinyi mnaozidisha x kwa vipeo vyake huko sekondari, bila kuchora mraba wala pembetatu, mnapita njia aliyoisafisha yeye.

Waziri huyo aliuawa mwaka 407 Hijria (1016). Al-Karaji aliiacha Baghdad akarudi kwenye nchi za milima, na karibu na mwaka 1017 akaandika kitabu cha namna nyingine kabisa: Inbat al-Miyah al-Khafiyya, yaani kuyatoa maji yaliyofichika.

Uajemi ni nchi kame. Watu wake waliishi kwa qanati: huchimbwa kisima mama penye mwinuko, kisha njia ndefu chini ya ardhi yenye mteremko mdogo sana, maji yakatiririka yenyewe hadi shambani. Mteremko ukizidi, maji hula udongo na njia huporomoka. Ukipungua, maji hayafiki. Ndiyo maana al-Karaji aliandika kwa kirefu juu ya vyombo vya kupimia usawa wa ardhi, vingine akivibuni mwenyewe. Huyu hakuwa mwanachuoni wa kukaa na kalamu tu.

Alieleza kwamba mvua na theluji huzama ardhini na kusafiri humo. Alifundisha kuyatambua maji kwa dalili za milima, mawe na mimea, na akaandika juu ya aina za maji na tofauti za ladha zake. Hapa ndipo anapotugusa. Maji hukaa na mwamba muda mrefu, na kila mwamba huyaachia kitu chake. Anayejua kuyasoma maji huujua mwamba asiouona.

Chini ya Usukuma pana miamba ya kale ya matale, na maji hukaa kwenye tabaka la juu lililooza na katika nyufa. Matale hutoa floraidi. Maji yakiwa na chokaa nyingi huizuia isizidi. Yakiwa na magadi mengi na chokaa kidogo, huiacha ipande. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini kwa sababu ya uhaba wa maji, kiwango ambacho kimeshateremshwa. Mtoto anayekua akinywa floraidi iliyozidi hutoka meno yenye madoa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa huharibika. Geita mwamba wa dhahabu una madini yenye kiberiti, na humo hutoka aseniki. Wachunguzi wameikuta katika baadhi ya visima ikipita kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita.

Tuseme kweli: ulimi wa al-Karaji usingetosha hapa. Chumvi utaionja. Floraidi na aseniki hazina ladha wala rangi, na kisima kitamu kinaweza kuwa ndicho kibaya. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi hubaki sufuriani, na maji yakipungua yenyewe huzidi ukali. Kwa hiyo wataalamu wa leo huchota chupa kutoka kila kisima, huandika mahali na kina chake, hupima maabara, kisha huweka namba juu ya ramani. Visima vya mwamba mmoja hujikusanya pamoja kama ndugu, ikaonekana wapi pa kuchimba na wapi pa kuacha. Bomba la Ziwa Victoria lililozinduliwa mwaka 2009 limeziondolea shida nyingi Kahama na Shinyanga, lakini kijiji kilicho mbali na bomba bado kinategemea kisima, na mzazi ana haki ya kuuliza kama maji yake yamepimwa.

Jambo jingine katika kitabu chake ni harimu, yaani eneo la kisima au qanati ambalo sheria inakataza mwingine kuchimba akalidhuru. Wapo mafakihi waliokadiria dhiraa 40 kwa kisima cha kunyweshea mifugo. Al-Karaji, akiwa fundi, aliliangalia pia kwa jicho la udongo, kwani ardhi laini hupitisha maji kuliko ngumu. Kwetu sisi, ambako karasha husaga mawe na dhahabu huchenjuliwa kwa zebaki karibu na makazi, suala la umbali huo ni la kila siku. Marudio yakirundikwa juu ya kisima, mvua ya masika huyashusha.

Al-Karaji alifariki karibu na mwaka 1029. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walimwita al-Karkhi, wakidhani ni mtu wa mtaa wa Karkh, Baghdad, mpaka Mtaliano Giorgio Levi Della Vida aliporekebisha mwaka 1933. Kitabu chake cha maji kilipigwa chapa kwa Kiarabu mjini Hyderabad, India, mwaka 1359 Hijria (1940), na baadaye kikafasiriwa kwa Kiajemi na Kifaransa.