Hayati Macli-ing Dulag na Mto Chico

Katika milima ya kisiwa cha Luzon, Ufilipino, aliishi Macli-ing Dulag, mzee wa Wakalinga wa kijiji cha Bugnay, mkulima wa mpunga na kibarua wa kutengeneza barabara.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Rais Ferdinand Marcos iliazimia kujenga mabwawa manne ya umeme katika Mto Chico. Maji yangalifunika vijiji, mashamba na makaburi ya wazee, wenyewe hawakuulizwa. Macli-ing aliyaunganisha makabila yaliyohasimiana, kwa mapatano yao ya jadi yaitwayo bodong, yakawa kauli moja.

Usiku wa tarehe 24 Aprili, 1980, askari walimwua nyumbani kwake. Walidhani wameumaliza upinzani, kumbe wameuchochea: mabwawa yale hayakujengwa, na watu wa milima ile huiadhimisha tarehe hiyo hadi leo.

Kosa la serikali ile halikuwa kutaka umeme, bali kuwadhania wenye mto kuwa hawana neno. Kiongozi mwenye busara huanzia barazani kwa wananchi, kabla mpimaji hajachomeka kigingi cha kwanza.