Babbage: Mbuni wa tarakilishi aliyeandamwa na makosa ya chapa

WENGI humtaja Charles Babbage kuwa baba wa tarakilishi. Ni wachache wanaofahamu kwamba kilichomkosesha usingizi ni makosa ya uchapishaji.

Alizaliwa jijini London, Uingereza, mnamo Desemba 26, 1791, mwana wa tajiri mwenye benki. Alisomea hisabati Cambridge na kuhitimu mwaka 1814.

Enzi hizo mabaharia na wanafalaki walitegemea vitabu vya majedwali ya hesabu. Watu walikokotoa kwa kalamu, wengine wakanakili, kisha mpangaji wa herufi akaokota tarakimu za risasi moja baada ya nyingine. Tarakimu moja ikikosewa, nahodha angeweza kukipeleka chombo mwambani. Mwaka 1821, Babbage na rafikiye John Herschel walipokuwa wakilinganisha majedwali ya nyota, makosa yalikuwa tele. Ndipo akawazia mashine.

Lakini mashine ya kuhesabu tu haingemfaa. Iwapo binadamu angesoma jibu na kulipanga upya matbaani, kosa lingerejea palepale. Kwa hivyo mtambo ulipaswa kujichapishia wenyewe.

Katika michoro aliyoitayarisha kati ya 1847 na 1849, magurudumu yenye tarakimu yanapiga chapa kwenye karatasi na papo hapo kuacha alama kwenye sinia ya plasta mbichi. Plasta ikishakauka, madini yaliyoyeyushwa yanamiminwa humo, na bamba linalopatikana linapelekwa matbaani. Hata pambizo, idadi ya safu na nafasi baina ya mistari viliweza kurekebishwa, mambo ambayo karani wa leo huyafanya bila kuwaza.

Ujenzi wa mtambo wake wa kwanza, ulioanza 1823 kwa fedha za serikali, ulikuwa umekwama. Mwaka 1827 alifiwa na babake, mkewe Georgiana na watoto wawili. Mwaka 1833 alikosana na fundi wake, Joseph Clement, na kazi ikasimama. Serikali ilijiondoa mwaka 1842, ikiwa imetumia takriban pauni 17,000. Lawama si ya serikali peke yake: Babbage alikuwa mwepesi wa kuvutiwa na mtambo mpya kabla ya kumaliza wa kwanza.

Wasweden wawili, Georg Scheutz na mwanawe Edvard, walikamilisha mtambo wao wa kuhesabu na kuchapisha mwaka 1853. Babbage hakuwaonea kijicho, aliwaunga mkono.

Uzeeni alizozana na wanamuziki wa mitaani waliompigia kelele. Aliaga dunia Oktoba 18, 1871, bila kuona hata ukurasa mmoja kutoka kwa mtambo wa michoro ile.

Makavazi ya Sayansi ya London yaliifuata michoro hiyo na kukamilisha sehemu ya kuhesabu mwaka 1991. Kichapishi chake kilikamilika mwaka 2002. Mtambo mzima una vipande 8,000 na uzani wa tani tano, na unafanya kazi.