Meghnad Saha, mtoto wa duka aliyesoma moto wa nyota

Kila mtu amesikia jina la Einstein. Jina la Meghnad Saha, inje ya India, wengi hawalijui. Lakini mwanafunzi yeyote anayejifunza mambo ya nyota, awe Paris ao Marekani, lazima apite kwenye hesabu ya huyu Muhindi. Tunaandika maisha yake hapa kwa sababu inagusa swali ambalo sisi watu wa migodi tunalijua vizuri: nani anafanya kazi, na nani anabaki na jina.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1893, usiku wa tufani, katika kijiji cha Sheoratali karibu na mji wa Dhaka. Leo ni inchi ya Bangladesh, lakini wakati ule yote ilikuwa India chini ya Waingereza. Baba yake Jagannath alikuwa na kaduka kadogo pale kijijini. Watoto walikuwa nane, Meghnad wa tano. Kwa baba, masomo mingi ilikuwa kupoteza wakati: mtoto akijua kusoma na kuhesabu, akae dukani auze. Masomo ya kuendelea ilikuwa mbali, kijiji cha Simulia, na franga za kumulipia chumba hazikuwapo. Njo pale daktari mmoja wa Simulia, Ananta Kumar Das, akakubali kumulaza na kumulisha bure. Mtoto naye alipaswa kuosha sahani yake mwenyewe na kutunza ng'ombe wa daktari. Ile sahani ilikuwa na maana yake. Kule India watu waligawanyika kwa matabaka tangu kuzaliwa, na jamaa ya Saha ilihesabiwa kuwa ya chini.

Katika mtihani alikuwa wa kwanza wa wilaya nzima ya Dhaka, akapata franga za serikali za kusomea. Mwaka 1905 akaingia masomo kubwa ya mjini Dhaka. Mwaka ule ule Waingereza wakakata jimbo la Bengal vipande viwili, na watu wakakasirika. Gavana Fuller alipokuja kutembelea masomo, wanafunzi wengine wakakataa kumupokea, na Saha alikuwa kati yao. Alikuwa na miaka 12 hivi. Wakamufukuza na kumunyanganya zile franga. Masomo ingine ya pale mjini, isiyokuwa ya serikali, ikamupokea.

Mwaka 1911 alifika Calcutta, kwenye Presidency College. Kalasi moja na yeye alikuwamo Satyendra Nath Bose, yule ambaye jina lake limebaki katika neno bosoni. Walimu wao walikuwa Jagadish Chandra Bose na Prafulla Chandra Ray, watu wakubwa. Lakini katika nyumba ya kulala wanafunzi, vijana wa matabaka ya juu hawakutaka Saha akule pamoja nao, na siku ya sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu, wakamuzuia asiingie. Fikiri kidogo: mtu anayeshinda karibu kalasi yote, anafungiwa mlango kwenye sikukuu ya elimu.

Alipomaliza mwaka 1915, Bose alikuwa wa kwanza, yeye wa pili. Alitaka kazi ya serikali katika mambo ya feza, maana jamaa ilikuwa inamungojea, lakini Waingereza wakamunyima ruhusa ya kufanya mtihani juu alijulikana kuwa na marafiki kati ya wapigania uhuru. Wanaofanya kazi ya sendika wanajua ginsi jina la mtu linavyowekwa kwenye orodha. Akaishi kwa kufundisha watoto wa watu nyumba kwa nyumba, akizunguka Calcutta kwa kinga. Kisha chuo kikuu kikamukamata yeye na Bose kuwa walimu. Labo ilikuwa karibu tupu. Hawa vijana wawili wakajifunza Kijerumani, na mwaka 1920 chuo kikuu kikachapisha buku lao: kazi za Einstein na Minkowski zimegeuzwa katika Kiingereza.

Kabla ya pale, mwaka 1917, Saha alituma kazi ndefu kwa gazeti moja kubwa la Marekani la mambo ya nyota. Wakajibu kwamba watachapisha kama atalipa gharama ya uchapaji. Hakuwa na zile franga. Kikatoka paka kipande kifupi, na kazi yenyewe ikabaki.

Mwaka 1920 njo alitoa hesabu iliyomupa jina. Mwangaza wa nyota ukipita katika kioo cha pembe tatu unagawanyika kuwa rangi, na katikati ya rangi kunaonekana mistari myeusi. Kila kitu, kama chuma, kalsiumu ao sodiumu, kina mistari yake. Wataalamu walikuwa wamepiga foto za nyota nyingi sana na kuzipanga kwa makundi, lakini hawakufahamu vizuri kwa nini mistari inabadilika toka nyota moja mpaka ingine. Ilionekana kama nyota tofauti zimetengenezwa na vitu tofauti.

Saha alionyesha kwamba sababu kubwa ni joto. Moto ukizidi, atomu inanyanganywa elektroni yake, na atomu iliyonyanganywa inaacha mistari mingine. Presha nayo inaingia: kule juu ya jua ambako gazi ni nyepesi sana, elektroni iliyotoka inakawia kupata atomu ya kurudi ndani. Njo maana kalsiumu ya kule juu inaonekana imekwisha kupoteza elektroni. Ukimupa joto na presha, hesabu yake inakuambia ni atomu ngapi kati ya mia zimevuliwa. Mfanyakazi wa forni atafahamu upesi: shaba ni ile ile, moto njo unabadilisha uso wake. Tangu siku ile, mistari ya nyota ikawa kipimo cha joto.

Hesabu ilitoka Calcutta, lakini vyombo vya kuihakikisha vilikuwa inje. Saha alienda London katika labo ya Alfred Fowler, kisha Berlin kwa Nernst. Kule California, Mmarekani Russell akaangalia madoa ya jua na chombo kikubwa, akakuta metali ya rubidiumu, sawasawa na vile Saha alivyosema itaonekana pale. Mwaka 1925 bibi Cecilia Payne, kule Harvard, akatumia hesabu ya Saha kuonyesha kwamba nyota ni idrojeni na heliumu zaidi ya vitu vyote. Jina la Saha lilipelekwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya zawadi ya Nobeli. Hakuipata.

Sisi tunajua ile njia. Jiwe linatoka kwetu, mashini ya kulisafisha iko mbali, na bei inawekwa kule kwenye mashini. Saha hakukaa kulia. Alirudi India, akafundisha Allahabad toka 1923 mpaka 1938, kisha tena Calcutta. Mwaka 1927 Waingereza wenyewe walimuingiza katika Royal Society, chama chao kikubwa cha wataalamu. Lakini kazi yake ya miaka iliyofuata ilikuwa kutafuta vyombo vibaki nyumbani. Alipigania labo ya mambo ya atomu na mashini ya siklotroni. Mnamo Januari 1950 Irène Joliot-Curie, mtoto wa Marie Curie, alikuja Calcutta kufungua ile nyumba ya kazi. Leo inaitwa kwa jina la Saha.

Na hakubaki paka mu mambo ya nyota. Mtoto wa Bengal anajua mafuriko. Tangu ujana alienda kusaidia watu ambao maji yalibeba nyumba zao. Mwaka 1935 alianzisha gazeti Science and Culture, na humo akaandika mara nyingi juu ya mito. Mto Damodar, unaopita kwenye bonde lenye migodi ya makaa ya mawe, uliitwa huzuni ya Bengal. Baada ya mafuriko makali ya 1943 alisukuma sana ufungwe kwa mabwawa, ili maji yaleo umeme badala ya kuua. Mwaka 1948 shirika la bonde la Damodar likaanza.

Mwaka 1952 watu wa Calcutta wakamuchagua kuwa depite. Alisimama peke yake, bila chama cha serikali. Bungeni alisema juu ya wakimbizi waliotoka upande wake wa kuzaliwa wakati inchi ilipogawanywa mwaka 1947, na juu ya viwanda. Alikuwa na ulimi mkali, akakosana na wakubwa, hata wataalamu wenzake kama Raman na Bhabha. Kwa hiyo milango mingi ya serikali ilifungwa mbele yake. Wakamupa hata hivyo kazi ya kupatanisha kalenda za India, zilizopita 30. Kalenda moja ya taifa ilianza tarehe 22 Machi 1957.

Yeye hakuiona. Tarehe 16 Februari 1956, kule Delhi, alikuwa anaelekea ofisi ya mipango ya serikali. Moyo ukasimama njiani. Alikuwa na miaka 62.

Wenye redio wakitafuta maisha ya kutengenezea kipindi, hii inafaa. Nawaomba wasianze na hesabu, maana msikilizaji atazima. Waanze na sahani na ng'ombe wa daktari, wapite kwenye ile barua ya 1917 iliyodai franga za uchapaji, na hesabu ifuate pale. Na vijana wetu wanaosoma leo katika masomo yasiyokuwa na labo wasikie kwamba ile kazi ilianza kwenye meza yenye karatasi na kalamu, lakini pia kwamba mwenyewe hakuona karatasi na kalamu inatosha. Alitumia miaka karibu 30 kudai vyombo kwa wale watakaokuja nyuma yake.