Maisha ya Hayati Askofu Josiah Kibira: Aliyeinuliwa, Akainua Wengine

Sehemu kubwa ya maji yanayotumiwa na wakazi wa Dar es Salaam hutoka katika mto Ruvu, na Ruvu huanzia katika misitu ya milima ya Uluguru. Mto Ngerengere unaopita katika mji wa Morogoro huteremka kutoka milima hiyo hiyo, kisha hujiunga na Ruvu. Anayekinga ndoo bombani huko mjini haioni chemchemi iliyomtoshelezea kiu. Wahenga nao walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Hali ni hiyo hiyo kwa watumishi wa Kanisa waliofika mbali. Majina yao yanakumbukwa, lakini waliowafundisha, waliowalipia, waliowaonya na waliowapisha njia husahaulika upesi.

Katika kumbukumbu hii ya miaka mia moja inafaa kuyatazama maisha ya Hayati Askofu Josiah Kibira wa Bukoba. Hakuzaliwa Uluguru, lakini si mgeni katika historia ya sharika za milima hii. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana na kuwa Kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kanisa la Uzaramo-Uluguru lilikuwa mojawapo ya hayo saba, na Kanisa la Buhaya, alikolelewa Kibira, lilikuwa jingine. Tangu siku ile wazee wa Bukoba wamekuwa wazee wa Uluguru, na wa Uluguru wamekuwa wa Bukoba.

KUZALIWA NA MALEZI

Josiah Kibira alizaliwa mwaka 1925 huko Kashenye, kando ya ziwa Viktoria, karibu na mpaka wa Uganda. Kanisa alimozaliwa lilikuwa changa, lakini lilikuwa na mizizi yake lenyewe. Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta tayari wako Wahaya waliojifunza kusoma na kuijua Injili kutoka Buganda, nao walikuwa wakikutanika kusali. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani nchini, walimu na wainjilisti wenyeji ndio waliolibeba Kanisa mabegani mwao. Hata sharika nyingi za Misheni ya Berlin huku mashariki zilipita katika jaribu hilo hilo.

Walimu hao walikuwa watu wa mshahara mdogo na kazi nyingi. Asubuhi walifundisha watoto kusoma, jioni waliongoza sala, na Jumapili walihubiri. Wao ndio chemchemi ya kwanza ya maisha kama ya Kibira. Kijana wa kijijini hakuweza kujitamania elimu asiyoijua. Ilibidi kwanza awepo mtu mwenye jicho la kumwona, amwambie mzazi kwamba mtoto huyu asiachishwe shule. Kibira alisoma, akawa mwalimu yeye mwenyewe. Kabla hajasimama madhabahuni alisimama mbele ya ubao.

NDUGU WA UAMSHO

Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, Bukoba na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Kibira aliguswa na uamsho huo mwaka 1947, akiwa kijana. Katika ushirika wa uamsho watu hukutana kuomba, kutubu hadharani na kuambiana ukweli bila kujali cheo. Msomi huketi benchi moja na mkulima, na mkulima huruhusiwa kumwonya.

Malezi ya namna hiyo ni msaada ambao watu wengi hawautambui kuwa msaada. Mtu mwenye kipaji akizungukwa na wanaomsifu tu, kipaji chake huvimba kisizae. Akizungukwa na wanaomkosoa tu, hukata tamaa. Uamsho ulimpa Kibira vyote viwili kwa pamoja: watu waliomwamini, na watu wasiomwogopa. Baadaye alipokalia viti vikubwa vya Kanisa duniani, aliendelea kujulikana kuwa mtu wa uamsho.

BETHELI NA BOSTON

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kibira alikwenda Ujerumani kusoma theolojia Betheli, karibu na mji wa Bielefeld. Mahali hapo hapakuwa na chuo pekee. Betheli ilikuwa, na ingali, makao makubwa ya huduma kwa wenye kifafa na wagonjwa wengine ambao jamii iliwatenga. Mwanafunzi wa theolojia huko hakuweza kusoma habari za upendo kitabuni bila kupishana njiani na watu waliouhitaji. Mwaka 1960 Kibira alibarikiwa kuwa mchungaji. Baadaye alikwenda Marekani, akasoma katika Chuo Kikuu cha Boston, na mwaka 1964 akatunukiwa shahada ya uzamili ya theolojia.

Safari kama hizo hazibebwi na mtu mmoja. Nyuma yake ziko sadaka za wakristo wa Ujerumani, Sweden na Marekani, na pia za wakulima wa kahawa na ndizi wa Bukoba. Tena iko familia. Mtu akienda ng'ambo kwa masomo, walio nyumbani nao husoma somo lao, la kusubiri na kuvumilia. Shukrani kwa mtumishi yeyote isiyofika kwa mkewe na jamaa yake ni shukrani iliyoishia mlangoni.

ASKOFU ALIYEPISHA

Kati ya wote waliomwinua Kibira, mmoja anastahili kutazamwa kwa makini: Bengt Sundkler, Msweden aliyezaliwa mwaka 1909. Sundkler alifanya kazi ya misheni kwa Wazulu huko Afrika Kusini, kisha Bukoba katika miaka ya 1942 hadi 1945. Mwaka 1949 akawa profesa wa historia ya Kanisa na misheni katika Chuo Kikuu cha Uppsala, na vitabu vyake juu ya makanisa ya Afrika vikasomwa kila mahali. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, aliitwa kuwa askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Bukoba.

Nchi nzima wakati huo ilikuwa ikijiuliza swali moja: wageni wakiondoka, je, wenyeji wataweza? Swali hilo liliulizwa maofisini, mashuleni, na kanisani pia. Namna moja ya kulijibu ilikuwa kusema kwamba wenyeji wangoje kwanza, wakomae, kisha wakabidhiwe. Tatizo ni kwamba mtu hakomai kwa kungoja. Mbeba mzigo hujifunza kubeba akiwa na mzigo kichwani.

Sundkler alikuwa na elimu, jina na heshima ya kumtosha kukaa miaka mingi. Alikaa mitatu. Katika kipindi hicho hicho Kibira alikuwa Boston akimalizia masomo. Mwaka 1964 Sundkler aliacha kiti cha uaskofu na kurudi Uppsala, na Kibira, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 40, akawa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi.

Hapo ndipo msaada wa kweli unapopimwa. Wako wengi wanaofurahi kumlea mtu maadamu anabaki chini yao. Humfundisha kila kitu isipokuwa kazi yao wenyewe. Kumsomesha mtu kunagharimu fedha, lakini kumpisha kunagharimu nafsi. Wala Sundkler hakukatisha uhusiano alipoondoka. Mwaka 1974 kitabu cha Kibira kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu kilichapishwa katika mfululizo wa vitabu vya misheni vya Uppsala, mahali ambapo Sundkler alikuwa profesa.

KANISA NA UKOO

Kitabu hicho kina jambo la kuwafaa watu wa Uluguru. Kibira aliutazama ukoo wa Kihaya na kuonyesha kwamba Kanisa la Afrika lina la kujifunza humo, kwa kuwa katika ukoo hakuna mtu anayeishi peke yake. Kwa Wahaya ukoo hufuata baba. Kwa Waluguru hufuata mama, na mjomba ana sauti na wajibu mkubwa katika maisha ya mpwa wake. Desturi zinatofautiana, lakini fundisho ni moja: mtoto ni wa wengi, na mafanikio yake ni deni kwa wengi. Usharika ukiwa ukoo mpya katika Kristo, basi wazee wa Kanisa ni wajomba wa vijana wote walio ndani yake.

MBELE YA MAKANISA YA DUNIA

Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lililoanzishwa Lund nchini Sweden mwaka 1947, lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita Dar es Salaam. Ulikuwa wa kwanza kufanyika Afrika. Hapo Kibira alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Makanisa yaliyokuwa yamemlipia masomo sasa yaliongozwa naye.

Wako wanaodhani kwamba kushukuru ni kunyamaza, na kwamba aliyesaidiwa hana ruhusa ya kumwambia msaidizi wake neno gumu. Mkutano wa Dar es Salaam ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Kusini mwa Afrika ni jambo linalogusa imani yenyewe, si siasa tu. Mwaka 1984 huko Budapest, mwishoni mwa kipindi cha Kibira, Fungamano lilisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu wa Kusini mwa Afrika kwa sababu hiyo. Mwana wa Kanisa lililozaliwa na misheni aliongoza wakati mgumu kama huo pasipo kuwadharau waliomlea. Shukrani yake ilikuwa ya mtu mzima.

KUUGUA NA KULALA

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya mateso. Alishikwa na ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, unaomnyang'anya mtu nguvu za viungo na hatimaye hata usemi. Aliyekuwa akiinuliwa kwa elimu na kwa kuaminiwa, sasa aliinuliwa kwa mikono. Naye alipisha: Samson Mushemba alimfuata katika uaskofu wa dayosisi, na baadaye akawa Mkuu wa KKKT. Josiah Kibira alifariki dunia mwezi Julai 1988, kabla ya kutimiza miaka 63. Sundkler, aliyempisha, aliishi hadi mwaka 1995.

FUNDISHO KWA SHARIKA ZA LEO

Wema hauozi, lakini hauwezi kurudishwa kila mara kule ulikotoka. Kibira hakuwa na namna ya kuwalipa walimu wa Buhaya, wala wajane wa Ulaya waliotoa sadaka bila kumjua. Deni la namna hiyo hulipwa mbele, kwa anayekuja nyuma yako.

Morogoro ina sababu ya pekee ya kulielewa hilo. Kwa miaka mingi Seminari ya Kilutheri iliyoko Morogoro imepokea vijana kutoka dayosisi mbalimbali za nchi hii, na wengi wao wamekuwa wachungaji, walimu na waganga mahali ambapo Waluguru hawatafika kuwaona. Usharika unaotimiza miaka mia moja una majina mengi ya kuyashukuru, na mengine hayamo katika kitabu chochote. Namna ya kuyaheshimu ni kumtafuta mtoto aliyeachishwa shule kwa kukosa ada, kumpa mwinjilisti nafasi ya kwenda chuoni, kumwonya kwa upendo mwenye kipaji aliyeanza kujivuna, na wakati ukifika, mzee kumwachia kijana kiti angali na nguvu za kumsimamia kando.