Max Wintgens

Max Wintgens alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani mwenye cheo cha kapteni. Anajulikana hasa kwa msafara wa kivita wa mwaka 1917 katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Aliuanza bila amri ya mkuu wake, nao ukarudisha mapigano katika maeneo ambayo vita ilikuwa imekwisha kuyapita, ikiwemo sehemu ya mkoa wa Singida wa leo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa Rwanda, akikaimu nafasi ya mwakilishi wa Ujerumani kwa mfalme Yuhi Musinga. Askari wake walikuwa wachache. Hata hivyo mwezi Septemba aliteka kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, akawazuia Wabelgiji mpakani hadi mwaka 1916. Walipomzidi nguvu alirudi nyuma kuelekea Tabora. Mji huo ulitekwa tarehe 19 Septemba 1916, naye akaondoka kwenda kusini-mashariki katika jeshi la jenerali Kurt Wahle.

Februari 1917 vikosi vya Wajerumani vilivyokuwa nyanda za juu kusini vilitakiwa kushuka upande wa mto Ruvuma. Wintgens aligeuka magharibi, kisha kaskazini, akiwa na askari wapatao 500 pamoja na wapagazi. Wengi wa askari hao walitoka magharibi na kaskazini mwa koloni, kwa hiyo njia hiyo iliwarudisha karibu na kwao. Nyuma yao hapakuwa na bohari yoyote: walikula walichokikuta katika ghala za wakulima, na waliowafuata nao walihitaji kula. Vitabu vingi vya vita husifu ujasiri wa msafara huu na kuwataja wapagazi na wanavijiji kwa sentensi moja tu, ingawa hao ndio waliobeba mzigo wake. Waingereza walilazimika kuomba tena msaada wa Wabelgiji, na maelfu ya askari wakatumwa kuufukuza.

Mwezi Mei Wintgens aliugua vibaya, akajisalimisha kwa Wabelgiji. Uongozi ulishikwa na luteni Heinrich Naumann, aliyevuka reli ya kati na kuendelea kaskazini. Mwezi Juni aliizingira boma ya Mkalama, iliyojengwa na Wajerumani wenyewe lakini sasa ikashikiliwa na Waingereza. Mkalama hiyo ndiyo iliyoipa jina wilaya ya leo, yenye kata ya Iguguno. Boma haikutekwa. Naumann alikwenda Ikoma, akapigana na Wabelgiji huko, kisha akarudi kusini na kujisalimisha mwanzoni mwa Oktoba 1917.

Mkuu wa majeshi ya Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba msafara ulionyesha bidii kubwa, lakini ulikuwa mbali mno na uwanja mkuu wa vita kuweza kumsaidia.