Daktari Burkitt na Ramani Yake

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, nchi ya Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenziwe liliivunja miwani yake, na jicho la kuume likapotea. Hata hivyo alisomea uganga, akawa mpasuaji. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa, kwa kuwa alikuwa na jicho moja tu. Lakini mwaka 1946 alipewa kazi Uganda, kwanza Lira, kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala.

Siku moja mwaka 1957, Daktari Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakupata kuona jambo kama lile. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akamwona msichana mdogo mwenye uvimbe ule ule usoni. Alipompima alikuta na tumbo lake lina uvimbe. Mpasuaji mwingine angalisikitika akarudi kazini kwake. Burkitt aliyafungua madaftari ya Mulago, akaona kwamba watoto wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa huo. Waganga waliutaja kwa majina mbalimbali, kwa kuwa kila mmoja alitazama kiungo kimoja tu. Mwaka 1958 aliandika habari zake. Ulikuwa saratani, nayo iliua upesi sana. Kisu hakikufaa kitu.

Akataka kujua unapatikana wapi. Alizipelekea hospitali za Serikali na za misheni barua zenye picha za wagonjwa, na kila jibu akalitia katika ramani ya Afrika. Ramani ikaonyesha kitu kama mshipi uliopita katikati ya bara, wenye mkia ulioshuka pwani ya mashariki. Mpaka wake ulikuwa wapi, na kwa sababu gani?

Mwezi wa Oktoba 1961 alitoka Kampala katika motokaa kuukuu pamoja na waganga wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri majuma kumi, yapata maili 10,000, wakapita Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ndiyo Malawi ya sasa, hata wakafika Afrika ya Kusini. Waliingia hospitali 57, na kila mahali waliuliza neno lile lile. Katika Afrika Mashariki ugonjwa haukuonekana juu ya futi 5,000. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ule ulishuka, hata ukawa karibu na futi 1,000. Basi si kimo cha nchi, bali ni baridi! Tena palipo na mvua haba haukuonekana. Nchi ya joto na mvua ndiyo nchi ya mbu. Na visiwani Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, ugonjwa ulikuwa haba.

Burkitt alijaribu pia dawa mpya za saratani, na watoto wengine waliokuwa wakingojewa kufa wakapona kabisa.

Mwaka ule ule wa 1961 alikuwa ametoa hotuba London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwa Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwake kwa eropleni kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenziwe, Achong na Barr, waliona virusi ndani yake kwa darubini ya elektroni. Ndivyo vilivyokuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya watu. Lakini watu wengi duniani wanavyo wala hawaugui. Kwa hiyo waganga walidhani kwamba malaria ndiyo inayovipa nguvu.

Dhana hiyo ilijaribiwa Mara Kaskazini, katika nchi ya Tarime na Shirati. Tangu mwaka 1977 hata 1982 watoto chini ya miaka kumi walipewa klorokwini. Saratani ile ilipungua. Lakini hesabu za hospitali zilionyesha kwamba ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa kugawanywa, na malaria yenyewe ilianza kurudi, kwa maana dawa ilikuwa ikishindwa. Jibu halikutimia.

Burkitt alikuwa amekwisha rudi Uingereza, akiwafundisha watu faida ya kula nafaka isiyokobolewa. Alikufa Machi 1993. Ugonjwa ule waitwa kwa jina lake mpaka leo.